Kinywaji cha sherehe cha machungwa na malimau: kwa nini hugeuka kichungu kabla wageni hawajafika

Swali: «Kwa miaka mitatu sasa mimi ndiye ninayepewa kazi ya kutengeneza kinywaji cha sherehe nyumbani, kwa kuwa wageni wetu wengi hawanywi kilevi. Nakamua machungwa, malimau na mabalungi mawili, natia sukari, kisha natumbukiza vipande vya matunda pamoja na maganda yake na kuacha jagi kwenye friji usiku kucha ili ladha iingie. Asubuhi naongeza maji ya soda. Nikionja usiku ni kitamu sana, lakini wageni wanapofika mchana kimekuwa kichungu, kimejitenga, maji juu na tope chini, na gesi imekwisha kabla mtu hajamaliza glasi ya kwanza. Nimeongeza sukari, haikusaidia. Jirani amenishauri nitie kijiko cha bikaboneti ya soda ili kupunguza ukali na kuongeza mapovu. Shangazi yangu naye anasema mapovu hayo ndiyo dalili kwamba kinywaji kimeshaanza kuwa pombe. Nimsikilize nani?»

Jibu: Ndugu msomaji, swali lako ni moja kwa sura, lakini ndani yake mna mambo manne: uchungu unaozuka usiku, kinywaji kujitenga, gesi kutodumu, na hofu ya kilevi. Nitayajibu yote, ingawa la kwanza litachukua nafasi kubwa kuliko mengine kwa kuwa ndilo linaloharibu kazi yako. Nianze kwa kukuondolea lawama. Vipimo vyako havina ubaya. Kilichokukwamisha ni mpangilio wa muda. Unafanya usiku kazi ambayo ingefaa ifanywe asubuhi, na kazi ambayo ingefaa sana kufanywa usiku huifanyi kabisa.

Kwanza tutenganishe uchungu na uchachu, maana watu wengi huyachanganya mambo haya mawili na kuyapa dawa moja. Uchachu ni ule ukali wa limau unaokunja uso mara tu kinywaji kinapogusa ulimi, na hutokana na asidi ya sitriki. Uchungu ni kama ule wa kwinini: huchelewa kidogo, hukaa nyuma ya ulimi, na hubaki hapo hata baada ya kumeza. Sukari huutuliza uchachu vizuri sana, lakini uchungu huupunguza kwa kiasi tu, na ndiyo sababu ulipoongeza sukari ulipata kinywaji chenye utamu wa kuchosha ambacho bado ni kichungu. Ukihisi uchungu, tafuta ulikotoka.

Katika jagi lako umetoka sehemu mbili. Ya kwanza ni balungi, ambalo lina kitu kiitwacho naringini. Hiki ni kichungu tangu mwanzo, na kimejaa zaidi katika utando mweupe ulio chini ya ganda na katika ngozi nyembamba zinazotenganisha vipande vya tunda. Unapoviacha vipande vyenye maganda vielee katika juisi usiku kucha, naringini hutoka polepole na kuingia katika kinywaji chote. Unasema unaacha «ili ladha iingie», na kweli inaingia, ila inayoingia kwa wingi ni ya ule utando mweupe.

Sehemu ya pili ni ya ajabu zaidi, na huwashangaza hata wapishi wenye uzoefu, kwa sababu inatoka katika chungwa tamu kabisa. Ndani ya chungwa zima kuna kitangulizi cha limonini ambacho chenyewe hakina uchungu wowote, na kimehifadhiwa katika seli mahali ambapo asidi haikifikii. Unapolikamua tunda, seli hupasuka, kitangulizi hicho hukutana na asidi ya juisi, na kimeng'enya cha tunda lenyewe huharakisha mageuzi yake mpaka kinakuwa limonini, ambayo ni chungu kiasi kwamba watu wengi huanza kuihisi ikifika miligramu 6 hivi tu katika lita moja. Mageuzi hayo huchukua saa kadhaa. Ndiyo maana juisi uliyoionja saa tatu usiku na ile uliyoimimina mchana wa siku ya pili zimetoka katika chungwa lile lile, na wala hukukosea kuonja.

Ukitaka kujihakikishia, kamua chungwa moja, gawa juisi katika glasi mbili, funika moja na uiweke kwenye friji hadi asubuhi, nyingine inywe papo hapo. Asubuhi kamua chungwa jingine la aina ile ile, kisha onja ya jana na ya leo kwa kufuatana. Kama huoni tofauti, una machungwa mazuri kwa kazi hii. Kama unaiona, huenda una machungwa ya jamii ya Navel, yale yasiyo na mbegu ambayo chini yana alama kama kitovu, kwa sababu hayo yanajulikana kwa kuwa na kitangulizi hicho kwa wingi. Ni matamu sana kwa kuliwa, lakini juisi yake haipendi kungoja. Machungwa ya jamii ya Valencia, yenye mbegu chache na juisi nyingi, huvumilia zaidi, na chenza nyingi pia hazina tabu kubwa. Wapo wanaodhani kwamba kuichemsha juisi kutaondoa uchungu huu. Hakuondoi, moto huyaharakisha mageuzi hayo hayo, na juu yake unapata ladha ya juisi iliyopikwa.

Tiba yake, basi, ni kukamua asubuhi ya sherehe, na ikiwezekana saa mbili au tatu tu kabla ya wageni kufika. Kamua kwa mkono mwepesi. Ukilibinya na kulizungusha tunda kwenye kikamulio mpaka lile ganda linabaki jembamba kama karatasi, matone machache ya mwisho unayoyapata yanatoka katika utando na si katika nyama. Chuja mara moja, kwa kuwa utando na mbegu ndivyo hifadhi kubwa ya vitu hivi vichungu, na kila dakika vinapokaa ndani ya juisi vinaongeza mchango wake. Mbegu zilizosagwa na mashine ya kusagia ni mbaya zaidi. Kama unatumia mashine hiyo, toa mbegu zote kwanza. Ikiwa baada ya yote haya umebaki na uchungu kidogo, chumvi kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili katika lita nne za kinywaji husaidia kuliko kijiko kingine cha sukari, kwa sababu chumvi huufifisha uchungu ulimini hata ikiwa kidogo kiasi cha kutosikika yenyewe.

Sasa utaniuliza: nisipoacha chochote usiku, ile harufu nzito ya sherehe nitaipata wapi? Utaipata katika ganda, lakini si kwa njia uliyoizoea. Chukua kipande cha ganda la chungwa, kikunje karibu na dirisha lenye mwanga huku upande wa rangi ukielekea nje, utaona vumbi la matone madogo likiruka. Hayo ni mafuta ya ganda, ambayo sehemu yake kubwa, zaidi ya asilimia 90 kwa chungwa, ni limonene. Hapa majina huwapotosha watu: limonene inafanana na limonini kwa sauti tu, ni kitu kingine kabisa, kina harufu nzuri na hakina uhusiano wowote na ule uchungu tuliouzungumzia. Mafuta haya karibu hayachanganyiki na maji. Kuliacha ganda lielee katika juisi, kwa hiyo, ni njia dhaifu ya kuyatoa: mafuta mengi hubaki gandani huku uchungu wa utando ukitoka kwa urahisi.

Kinachoyatoa vizuri ni sukari kavu. Usiku wa kuamkia sherehe, osha matunda kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini ili kuondoa vumbi na nta ambayo mengi hupakwa ili yang'ae. Menya ganda la machungwa sita na malimau manne kwa kisu cha kumenyea, ukichukua rangi tu. Geuza kila ukanda uutazame upande wa ndani: ukiona weupe mnene, ulaze juu ya ubao na kuukwangua kwa kisu kilicholazwa mpaka vitundu vya mafuta vianze kuonekana kwa nyuma. Weka maganda hayo katika bakuli la kioo pamoja na gramu 250 za sukari, uyasugue na sukari kwa vidole au kwa mchi wa mbao kwa dakika tano hivi, funika, uache juu ya meza mpaka asubuhi. Sukari hunyonya unyevu wa ganda na kuyavuta mafuta pamoja nao, na asubuhi utakuta chembe zimelowa, zimegeuka rangi, na harufu inayopanda unapofunua bakuli inatosha kuijaza jikoni nzima. Ongeza mililita 250 za maji ya moto, koroga mpaka sukari yote iyeyuke, chuja, na uache ipoe. Umepata shira yenye harufu ambayo juisi peke yake haiwezi kukupa. Si uvumbuzi wangu; wachanganyaji wa vinywaji vya karamu wa Ulaya na Marekani katika karne ya 19 waliijua njia hii vizuri.

Kwa lita nne za kinywaji, ambazo ni glasi 20 za mililita 200, chukua shira hiyo yote, juisi ya machungwa lita moja na mililita 200, na juisi ya malimau mililita 300. Hiyo ni sawa na machungwa 15 hadi 18 na malimau saba au nane ya ukubwa wa kawaida. Yale uliyoyamenya usiku yahifadhi kwenye friji uyakamue asubuhi pamoja na mengine. Mchanganyiko huu utafika karibu lita moja na mililita 900, na kiasi kilichobaki ni maji ya soda. Ukitumia ndimu badala ya malimau, kipimo ni kile kile, kwa kuwa ukali wake unakaribiana. Usiongeze kitu kabla ya kuonja kinywaji kikiwa baridi kabisa na kikiwa kimeshatiwa maji ya soda. Ubaridi huupunguza utamu ulimini, na kinywaji unachokiona kitamu mno kikiwa cha uvuguvugu jikoni huwa sawasawa kikiwa katika glasi yenye barafu. Nimeona watu wakitupa jagi zima la kinywaji kizuri kwa kukihukumu mapema.

Kuhusu kujitenga nitasema kwa ufupi, maana si uharibifu. Juisi ya chungwa huwa na ukungu kwa sababu ya pektini inayoshikilia chembe ndogo zielee. Tunda lina kimeng'enya kinachoibadilisha pektini hiyo kiasi kwamba hushikamana na kalsiamu iliyomo na kuzama, nayo juisi ya juu hubaki angavu. Viwanda hukizima kimeng'enya hicho kwa joto kali la nyuzi 90 hivi, jambo ambalo nyumbani halistahili gharama yake ya ladha. Ukikamua asubuhi hutaona tope hilo kabla ya jioni; ukiliona, koroga.

Gesi nayo ina sababu zake, na ile kuu ni joto. Kaboni dioksaidi, yaani hewa ya ukaa iliyomo katika maji ya soda, hukaa ndani ya maji baridi vizuri zaidi kuliko ndani ya maji vuguvugu: katika msukumo wa kawaida wa hewa, lita moja ya maji yenye nyuzi 0 za Selsiasi huweza kushika karibu lita 1.7 za gesi hiyo, lakini yakifika nyuzi 20 hushika chini kidogo ya lita moja. Wewe ulikuwa unatia maji ya soda asubuhi katika jagi pana, halafu unangoja mpaka mchana. Hata yangekuwa maji bora kabisa, yasingevumilia. Poza chupa za soda kwenye friji kwa saa nne au zaidi, na mchanganyiko wa juisi uingize humo mara tu unapokuwa tayari, kisha changanya sehemu ya jagi moja tu kwa wakati mmoja, mgeni wa kwanza akiwa ameshaketi. Tia juisi kwanza, inamisha jagi, mimina soda polepole ikitelemka ubavuni, na koroga mara moja tu kutoka chini kwenda juu. Nyuzi za nyama ya tunda na chembe za sukari ambazo hazijayeyuka ni mahali ambapo mapovu huzaliwa, kwa hiyo juisi iliyochujwa vizuri na sukari iliyokwisha kuwa shira hudumisha gesi kuliko juisi nzito.

Barafu ya vipande vidogo huyeyuka haraka na kukifanya kinywaji kuwa cha maji. Ukigandisha bonge moja kubwa katika bakuli la plastiki, na ndani yake ukapanga vile vipande vya machungwa na malimau ulivyozoea kuvitumbukiza, utapata pambo linalovutia, baridi inayodumu, na utando mweupe uliofungiwa ndani ya barafu badala ya kuogelea katika juisi. Vipande vya kupamba glasi vikate dakika za mwisho.

Ushauri wa jirani yako kuhusu bikaboneti sikubaliani nao hata kidogo, ingawa najua alivyofikia hapo. Ni kweli kwamba bikaboneti ikikutana na asidi hutoa mapovu. Lakini mapovu hayo yanapatikana kwa kuiua asidi. Kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti, karibu gramu 5, humaliza asidi ya sitriki gramu 3.8 hivi, yaani asidi iliyomo katika mililita 65 hadi 70 za juisi ya limau. Kwa maneno mengine, ungekuwa umekamua malimau mawili kisha ukayafuta. Mapovu yenyewe huisha ndani ya dakika chache kwa kuwa jagi liko wazi, na kinachobaki ni ladha ya chumvi na sabuni, pamoja na zaidi ya gramu moja ya sodiamu ambayo mwenye shinikizo la damu hakuiomba. Ukali ukizidi, punguza juisi ya limau.

Tuje kwa shangazi. Kwa jambo aliloliona, amekosea. Kwa jambo analoliogopa, ana hoja. Mapovu yanayotoka katika maji ya soda uliyoyamimina wewe mwenyewe ni gesi iliyotiwa kiwandani, nayo haina uhusiano na kuchachuka. Kilevi hupatikana pale hamira, ambazo zipo kwa asili juu ya maganda ya matunda na hewani, zinapopata sukari, joto na muda wa kutosha. Kwa kukadiria, gramu 17 hivi za sukari katika lita moja zikichachuka zote huleta asilimia 1 ya kilevi. Katika friji yenye nyuzi 4, usiku mmoja hautoshi kufanya lolote la kutajwa. Lakini juisi tamu iliyosahaulika mezani siku nzima, ikalala hapo, kisha ikafungwa katika chupa, hiyo ni habari nyingine. Dalili zake ni gesi inayopanda katika juisi ambayo hukuitia soda, harufu ya unga uliotiwa hamira, ladha inayochoma kidogo puani, na kizibo kilichovimba. Chupa ya namna hiyo isitikiswe wala kuelekezwa usoni. Ya kioo inaweza kupasuka. Ifungue polepole juu ya sinki, umwage.

Kuna pia kilevi kinachoingia kwa mlango ambao watu hawautazami. Vanila ya maji iliyo halisi hutengenezwa kwa kilevi. Kwa sheria za Marekani lazima kiwe angalau asilimia 35. Matone machungu ya viungo ambayo mapishi mengi ya vinywaji vya sherehe huyataja huwa na kilevi karibu sawa na pombe kali. Na chupa iliyoandikwa kwamba haina kilevi, kwa mfano huko Marekani, inaweza kisheria kuwa na kiasi kisichofika asilimia 0.5. Juisi mbichi yenyewe huwa na chembe ndogo za asili ambazo hakuna anayeweza kuziondoa. Iwapo chembe hizo zina uzito wowote katika imani ya wageni wako, hilo ni swali la kiongozi wao wa dini, na mimi silijibu. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba katika mapishi niliyokupa hakuna kitu kilichotiwa kilevi. Ukitaka ladha ya kikubwa, isiyofanana na juisi ya watoto, badala ya matone yale tia mililita 300 za chai kavu iliyokolea na kupozwa, ukipunguza soda kwa kiasi hicho hicho. Ule ukavu unaoachwa na chai mdomoni ndio ambao wengi hukosa katika vinywaji visivyo na kilevi.

Nimeliacha balungi mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu linahusu afya. Mnamo 1989 watafiti wa Kanada, waliokuwa wakichunguza jinsi kilevi kinavyoathiri dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipini, walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya kilevi hicho, wakagundua bila kutarajia kwamba juisi yenyewe ilikuwa imeipandisha dawa katika damu kupita kiasi. Sababu ni vitu viitwavyo furanokumarini, ambavyo hukizima kimeng'enya cha utumbo kinachopunguza dawa nyingi kabla hazijaingia katika damu. Mwili huchukua zaidi ya siku moja kutengeneza kimeng'enya kingine, kwa hiyo kumeza kidonge asubuhi na kunywa balungi jioni hakukwepi jambo hili. Zinazohusika ni pamoja na baadhi ya dawa za kolesteroli kama simvastatini na atovastatini, baadhi ya dawa za shinikizo la damu, na dawa kadhaa za watu waliopandikizwa viungo. Furungu na danzi, yaani chungwa lile chungu la kupikia, huingia katika tahadhari hiyo hiyo. Chungwa tamu la kawaida halimo.

Hutaweza kumuuliza kila mgeni mlangoni anameza dawa gani. Kwa sababu hiyo, ushauri wangu ni kuliondoa balungi katika bakuli la pamoja. Ukilipenda mno, lifanyie jagi lake dogo lenye karatasi iliyoandikwa wazi. Mtu anayetumia dawa kila siku na hana hakika, amuulize daktari au mfamasia wake kabla ya sherehe, akitaja dawa kwa jina. Na asiache dawa kwa siku moja ili apate kunywa balungi. Nimewahi kusikia mtu akipanga hivyo, na ni kosa kubwa kuliko balungi lenyewe.

Vitu vya jamii hiyo hiyo ya furanokumarini vimo pia katika ndimu, hasa ganda lake, na vina tabia ya kuunguza ngozi vinapopigwa na jua. Aliyekamua ndimu nyingi nje kwenye jua, bila kuosha mikono kwa sabuni, anaweza kukuta wekundu na malengelenge kesho yake au siku ya pili, mara nyingi yakifuata michirizi ya juisi kwenye mkono, kisha alama nyeusi zinazokaa wiki nyingi. Kamulia ndani, nawa, ndipo utoke. Malengelenge yakiwa makubwa au yakimpata mtoto, mwone mhudumu wa afya badala ya kuyapaka vitu vya jikoni.

Usiitegemee asidi kuwa kinga ya vijidudu. Mwaka 1999 juisi ya machungwa isiyopitishwa kwenye joto iliwaambukiza watu wengi salmonela huko Marekani na Kanada, ingawa ilikuwa na uchachu wake wa kawaida. Osha tunda kabla ya kulikata, kwa maana kisu hubeba kilicho juu ya ganda na kukipeleka ndani. Tumia maji salama hata kwa barafu. Na kinywaji kilichokaa nje ya friji au bila barafu kwa zaidi ya saa mbili kisirudishwe kwenye friji kwa ajili ya kesho. Kwa mjamzito, mzee sana, mtoto mdogo au mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili, ni busara kutengeneza jagi lake kwa juisi ya kopo au pakiti iliyopitishwa kwenye joto, ukitumia shira ile ile; harufu ya ganda itaifunika tofauti. Ukibadilisha sukari kwa asali, kumbuka kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali hata kidogo. Mgeni akipata kuhara damu, homa kali, au kutapika kusikokoma baada ya sherehe, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mwenye kisukari naye anastahili kuambiwa ukweli wa glasi anayopewa: mililita 200 za kinywaji hiki zina sukari gramu 18 hivi, yaani vijiko vya chai vinne na nusu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linapendekeza sukari ya namna hii isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni karibu gramu 50. Unaweza kumchanganyia nusu ya kipimo na soda nyingi zaidi, lakini kiasi kinachomfaa yeye binafsi anakijua yule anayemtibu.

Mwisho, angalia chombo. Juisi kali hula shaba, chuma kilichopakwa zinki, na rangi za baadhi ya vyombo vya zamani vya udongo, na mabakuli mengi ya kale ya kioo kizito kinachometameta yana madini ya risasi ndani yake. Bakuli la namna hiyo likiwa la urithi, na roho ikikusukuma ulitumie, mimina ndani yake kinywaji cha kunywewa saa hiyo tu, usilihifadhie juisi usiku. Mchanganyiko wa asubuhi uweke katika chupa za kioo cha kawaida au sufuria ya chuma kisichoshika kutu yenye mfuniko, uisukume nyuma kabisa ya friji ambako baridi ni kali, na chupa za soda uzilaze ubavuni mwake. Wageni wakianza kuvua viatu, ndipo ufungue ya kwanza.